Jinsi Nilivyochagua Kufuli la Baiskeli Yangu Mombasa

Kazi yangu ni kuwafundisha watoto hesabu majumbani mwao, na siku moja huweza kuanzia Tudor, ikapitia Mji wa Kale, kisha nikavuka Daraja la Nyali kabla ya magharibi. Nauli za matatu na tuktuk zilikuwa zikimeza sehemu kubwa ya mapato yangu, ndipo nikanunua baiskeli. Miezi minne baadaye nikaibiwa. Niliiacha kando ya barabara karibu na Mwembe Tayari, nimeifunga kwenye nguzo ya bango kwa kufuli la waya nililolinunua kwa shilingi 350, na niliporudi baada ya saa moja na nusu nilikuta waya peke yake chini, umekatwa mara moja tu.

Niliuokota nikaupeleka kwa fundi wa baiskeli ninayemwamini pale Majengo. Aliichuna plastiki ya juu kwa kisu, akanionyesha kwamba kile nilichokidhania kuwa chuma kinene kama kidole kilikuwa nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja, na kwamba karibu nusu ya unene ule ilikuwa plastiki tupu. "Mwalimu," aliniambia, "huu hukatwa kwa mkasi wa kawaida wa fundi, wala mwizi hatoki jasho." Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu kufuli lile nililichagua kwa wepesi wake na rangi yake, bila kuuliza limetengenezwa kwa kitu gani.

Nilipopata baiskeli ya pili, ya mtumba, kwa shilingi 14,000, sikukubali kwenda nayo kazini hata siku moja kabla ya kupata kufuli linalofaa. Nilianza kwa daftari. Niliandika kila nyumba ninayofundisha, muda ninaokaa hapo, na kitu kilichopo cha kufungia baiskeli, na orodha hiyo ilinifunza zaidi ya maduka yote niliyoyapitia baadaye. Tudor palikuwa na nguzo fupi ya chuma ambayo mtu angeweza kuinyanyua baiskeli na kuipitisha juu yake pamoja na kufuli lake. Nyumba nyingine ilikuwa na mwarobaini mnene usiozungukwa na kufuli lolote ninaloweza kubeba. Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba mno hata huwezi kuegemeza baiskeli bila kumzuilia mpita njia, palikuwa na madirisha yenye vyuma imara vilivyoingizwa ukutani, lakini madirisha hayo ni ya watu na hayafungwi kitu bila ruhusa.

Kufuli la namba nililiondoa mapema. Lenye magurudumu matatu ya tarakimu lina michanganyiko 1,000 tu, na mtu akijaribu mmoja kwa kila sekunde atakuwa ameimaliza yote kabla ya dakika 17 kutimia, ilhali kipindi changu cha Jumamosi ni cha saa mbili. Nilibaki na uamuzi kati ya mnyororo mzito na kufuli lenye umbo la U. Mnyororo ulinivutia kwa sababu huzunguka hata nguzo nene, lakini ule wa milimita 10 niliopewa kuushika, pamoja na kufuli lake, ulikaribia kilo tatu, na anayejua kupanda Daraja la Nyali saa nane mchana, mfuko wa vitabu mgongoni, ataelewa kwa nini niliurudisha. Kitu kizito kupita kiasi huachwa nyumbani, na siku kinapoachwa ndipo kinapohitajika.

Kuhusu ubora, Uingereza kuna taasisi iitwayo Sold Secure inayoyajaribu makufuli na kuyapanga kwa madaraja ya shaba, fedha, dhahabu na almasi, na ningefurahi kununua kwa kufuata alama hiyo. Katika maduka matano ya vifaa niliyoingia, sikuiona kwenye kufuli hata moja. Kwa hiyo nilifuata ushauri wa fundi wangu, nikaenda na tupa ndogo mfukoni. Chuma laini hukwaruzwa na tupa mara moja na kuacha unga, lakini feleji iliyopikwa ikawa ngumu huifanya tupa iteleze juu yake kama inapita kwenye kioo. Nilimwomba muuza duka ruhusa ya kujaribu mahali pasipoonekana, upande wa ndani. Wa kwanza alikataa, na nilimshukuru nikatoka. Wa pili alikubali, na kufuli lake lililong'aa kuliko yote likaliwa na tupa kama ubao. La tatu, jeusi na lisilopendeza, liliikataa tupa kabisa. Mkono wake, yaani kile chuma chenye umbo la U, ulikuwa na unene wa milimita 14, nao hufungwa pande zote mbili za gogo la kufuli, jambo lenye maana kubwa: ukikatwa upande mmoja hauwezi kuzungushwa ukatoka, na mwizi hulazimika kuukata mara ya pili.

Nilitazama pia tundu la ufunguo. Makufuli yenye ufunguo wa duara, ulio kama bomba, sikuyataka, kwani mwaka 2004 huko Marekani ilidhihirika hadharani kwamba mengi ya aina hiyo, yakiwemo ya kampuni mashuhuri ya Kryptonite, yaliweza kufunguliwa kwa bomba la kalamu ya plastiki, na kampuni hiyo ikalazimika kuwabadilishia wateja wake. Hili jeusi lilikuwa na ufunguo bapa wenye vishimo pembeni. Nililipa shilingi 4,200.

Wako wanaosema kufuli ligharimu sehemu ya kumi ya bei ya baiskeli. Kwa mtu anayetegemea baiskeli ya mtumba kwa riziki yake, naona kipimo hicho kinadanganya. Mwizi hakuulizi ulinunua kwa bei gani, nami nilipoibiwa ile ya kwanza nilipoteza pia wanafunzi wawili niliokuwa nikiwafikia kwa baiskeli tu. Vilevile sikujidanganya kwamba nimenunua kitu kisichokatika. Grinda ya betri italikata kwa dakika chache, lakini grinda hupiga kelele na kutoa cheche, kwa hiyo siku hizi huifunga baiskeli palipo na watu wanaokaa, si palipojificha.

Fundi alinifundisha pia namna ya kufunga: mkono wa U upite kwenye nguzo, kwenye fremu na ndani ya gurudumu la nyuma, nafasi inayobaki ndani ya U iwe ndogo ili chuma cha kupanulia kisipate pa kuingia, na kufuli lisilale ardhini, ambako nyundo hupata mahali pa kulipondea. Gurudumu la mbele, ambalo kwenye baiskeli yangu lilifunguka kwa mkono mtupu, alilibadilishia ekseli ikawa ya nati.

Mji wa Kale nilimwendea bibi mwenye nyumba iliyo mkabala na ya mwanafunzi wangu, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. "Funga hapo dirishani, mwanangu," alisema, "lakini usinizibie mlango." Tangu siku hiyo yeye na jirani zake, wanaoketi barazani kuanzia alasiri, wameilinda baiskeli yangu kuliko chuma chochote.

Jambo ambalo sikulitazamia ni chumvi. Masika yalipoingia, na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, ufunguo ulianza kukwama, nami kwa haraka nikatia mafuta ya injini, yakashika mchanga na kuharibu zaidi. Fundi alilisafisha kwa mafuta ya taa, akalikausha, kisha akatia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Sasa nafanya hivyo kila mwisho wa mwezi, na ninapofunga naelekeza tundu la ufunguo chini ili maji ya mvua yasituame ndani.

Mwezi wa tisa niliifunga sokoni Kongowea, na niliporudi niliona mikwaruzo miwili mipya kwenye mkono wa kufuli, imekabiliana, kama meno ya mkasi mkubwa yaliyobana kwa nguvu. Nilipitisha ukucha juu yake na haukuzama. Nikafungua, nikafunga mfuko wangu wa vitabu kwenye karia, nikaelekea Nyali, ambako baba wa mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kunipachikia pete ya chuma kwenye saruji ya ukuta wake.