Nilivyoipata sarafu ya Vivekananda kule Chennai

Mwaka 2014 nlimsindikiza mama Chennai, India, kwa ajili ya moyo, hela yenyewe ya mchango wa ndugu na majirani pale Tanga. Wale mliowahi kuuguza mtu kule mnajua, vipimo siku tatu kusubiri siku kumi, we msindikizaji kazi yako kukaa gesti na kunywa chai.

Nje ya gesti kulikuwa na muuza chai nkamzoea, namuita anna, yaani kaka kwa Kitamil. Siku moja kanirudishia chenji, ndani kuna rupia 5 ya njano, upande huu simba wa serikali kama kawaida, kugeuza naona sura ya mtu. Nkajua hapa nimepigwa. Nkamrudishia, anna akacheka akaninyooshea kidole kwenye kalenda ukutani, jamaa kavaa kilemba mikono kaikunja kifuani, Swami Vivekananda. Kumbe sarafu halali kabisa, ilitolewa 2013 kuadhimisha miaka 150 tangu azaliwe Kolkata, 12 Januari 1863.

Sasa mi ugonjwa wangu ni sarafu, babu alikuwa na kopo la hela na rupia za Mjerumani na nlirithi kopo pamoja na ugonjwa. Ile ya kwanza nkaiharibu mwenyewe. Ilikuwa chafu nkaisugua na ndimu na chumvi, ikang'aa dakika mbili alaf ikabaki na mabaka mekundu, maana ile njano ni shaba iliyochanganywa na zinki na nikeli kidogo, ndimu inakula zinki inakuachia shaba. Jamani sarafu haisuguliwi!

Kutafuta nyingine ndo ikawa shughuli. Nlimuomba kondakta wa basi anichagulie kwenye mkoba wake, watu wamejaa mlangoni, alinifokea Kitamil ambacho hata bila mkalimani nlikielewa. Bas nkabuni njia: usiku anna akifunga nampa noti za mia mia yeye ananimwagia sarafu zake za 5 kwenye stuli, nachambua, nisizozitaka ndo nauli ya kesho. Anna kapunguza mzigo, na kondakta yule yule akaanza kunichekea kwa sababu kila siku natoa nauli kamili. Usiku wa nne zikatoka mbili, moja safi haswa. Zina kialama kidogo cha kiwanda pia, almasi ni Mumbai, nyota Hyderabad, nukta Noida, isiyo na alama Kolkata. Yangu ya almasi.

Mama alishafanyiwa operesheni anaanza kukaa kitandani, nkamwonyesha. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo mtu mwenyewe nani mpaka hulali?" Nkakosa jibu, aibu.

Kesho yake nkaenda ufukwe wa Marina, kuna nyumba inaitwa kwa jina lake. Zamani ilikuwa ghala la barafu, barafu yenyewe inaletwa na meli kutoka Marekani, na Vivekananda alilala pale siku 9 mwaka 1897 akiwa katoka nje ya nchi. Nkarudi na habari yangu yote: kwamba alikuwa mtawa wa Kihindu, kwamba 1893 alienda Chicago, Marekani, kwenye mkutano wa dini za dunia akawa gumzo, kwamba kurudi kwao aliwasema Wahindu wenzie kwa kuwatenga watu wa tabaka la chini hata kuwagusa hawataki, kwamba kumhudumia maskini kwake ilikuwa ndo ibada, na mwaka huo huo 1897 akaanzisha shirika la Ramakrishna Mission ambalo mpaka leo lina hospitali na shule. Na ile safari ya Chicago nauli hakuwa nayo, watu wa hapa hapa Chennai, enzi hizo Madras, ndo walipitisha mchango.

Mama akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo na yeye alichangiwa kama mimi." Akanyoosha mkono, "Nipe moja."

Nkampa ile yenye mabaka. Ile safi, hapana, hata kwa mama.