Nilivyofumua maombi ya mpwa wangu ya vyuo vya Marekani yaliyoshonwa na mshauri wa kulipwa

Sina ugomvi na mtu anayelipwa kusoma insha ya mtoto na kumwambia "hapa sijakuelewa, rudia". Hiyo ni kazi kama tuisheni. Ugomvi wangu ni na anayechukua hela kukuandikia maisha ambayo hukuyaishi, halafu sahihi unaweka wewe.

Dada yangu wa Kibosho alishatanguliza laki nane kwa mshauri mmoja mjini Moshi, ofisi ya ghorofani, si mbali na kiplefti cha saa. Zilizobaki, kama milioni mbili na nusu (ilikuwa inapanda kila akipiga simu), zingelipwa barua ya chuo ikifika. Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita Mei 2023, PCM, divisheni wani ya pointi 5, akaenda JKT, akarudi. Novemba ndipo nikaletewa faili. "Mjomba, lipitie tu kidogo, ameshamaliza kila kitu."

Insha ilianza na kivuli cha Mlima Kilimanjaro. Aya ya pili bibi akafa. Bibi yupo, ana miaka themanini na kitu, na asubuhi ile alikuwa anafukuza mbuzi wa jirani. Aya ya tatu: "kama mtoto wa kiume wa kwanza katika familia yetu..." Mpwa wangu ni binti, na ni wa tatu kuzaliwa. Jamaa alichukua insha ya mteja mwingine, akabadilisha majina, jinsia akaisahau.

Watu wengi hawajui kwa nini hilo ni hatari kuliko linavyochekesha. Vyuo vile vikubwa vya Marekani hugawana maombi kwa maeneo. Mtu anayesoma maombi ya Tanzania kwa kawaida ndiye anayesoma ya Watanzania wote walioomba hapo mwaka huo, na sisi si wengi. Akikutana na bibi watatu waliofia chini ya kivuli kimoja, hahitaji mashine ya kugundua chochote.

Orodha ya shughuli ndiyo ilinikalisha chini na kikokotoo. Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi 10 za shughuli, na kila moja inataka saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Mshauri alijaza zote kumi: mwanzilishi wa taasisi, rais wa serikali ya wanafunzi, nahodha wa mdahalo, na kadhalika. Nikajumlisha saa za kidato cha tano na sita. Zikafika 97 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168, na huyu alikuwa bweni, ana vipindi mchana, prepu usiku, na foleni ya maji katikati. Halafu fomu ya shule inajazwa na mkuu wa shule. Ukiandika rais wa wanafunzi, na mkuu akaulizwa kwa barua pepe, unategemea ajibu nini?

Na ushauri mbaya kuliko wote: kwenye swali la msaada wa fedha aliweka "hapana". Eti aingie kwanza, hela ataomba akishafika. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni kuomba msaada baadaye kama hakuomba tangu mwanzo. Ungekuta mtoto ana barua ya kukubaliwa na bili ya dola elfu themanini kwa mwaka, na kahawa ya baba yake ni robo eka. Alichotakiwa kufanya ni kuanza na vyuo ambavyo havimwangushi mgeni kwa sababu anaomba hela, na akikubaliwa vinamlipia mahitaji yote: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, na tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin. Vingine vinaangalia mfuko. Si vibaya kuviomba, ila ujue.

Nikampigia mshauri. Akaniambia kwa upole, "Kaka, hata Wamarekani wenyewe wanalipa. Kuna mlango wa uani." Nikamwambia mlango huo naufahamu. Aliyekuwa anauuza anaitwa Rick Singer, aliuita mlango wa pembeni: alihonga makocha wawapokee kama wanamichezo watoto wasiocheza, akaweka mtu wa kusahihisha majibu ya mtihani. Kesi ililipuka Machi 2019, wazazi wenye majina makubwa wakaenda jela, na yeye Januari 2023 akapewa miaka mitatu na nusu. Mshauri akasema mtandao unasumbua, akakata.

Basi tukafumua. Cha kwanza kabla ya yote: akaunti ya Common App. Ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe ya mshauri, neno la siri analo yeye. Tukabadilisha vyote viwili jioni ileile. Kama mwanao ana akaunti asiyoweza kuifungua mwenyewe, hana maombi, ana tetesi. Pia majina: NECTA ilikuwa na majina matatu, pasipoti ina mawili. Tulifuata pasipoti, na tofauti tukaieleza kwenye sehemu ya maelezo ya ziada.

Mshauri alikuwa amegeuza matokeo kuwa GPA (wastani wa alama wa Kimarekani) ya 4.0. Futa. Hawakuombi ubadilishe, wanataka matokeo kama yalivyo. Badala yake nilimsaidia mwalimu wa taaluma kuandaa ukurasa mmoja wa kueleza shule: kidato cha sita A ni 80 hadi 100, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, pointi zinahesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi, A ni pointi 1, divisheni wani ni 3 hadi 9. Na kidato cha nne A inaanzia 75, masomo saba bora. Mgeni akiona pointi 5 bila ukurasa huo anaweza kudhani ni tano kati ya mia.

Barua za walimu. Hapa mshauri alifungua Gmail kwa jina la mwalimu wa hesabu, ili aandike yeye. Nilipomweleza mwalimu mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nilisemaje huko?" Tukaufuta mwaliko wa barua uliotumwa kwenye Gmail hiyo, tukamwalika kwa anwani yake halisi. Lakini na yeye akaja na desturi yetu: "Binti aandike, mimi nitasaini." Ukikataa tu, hupati barua. Nilichofanya ni kumpelekea karatasi moja ya kumbukumbu bila sentensi hata moja ya sifa: lini binti alikosea swali la mtawanyiko ubaoni akarudi kesho yake na njia nyingine, nani alikuwa anamfundisha Jumapili, alipata ngapi kwenye mock. Na bando la wiki. Akaandika kwa simu, Kiingereza chake kina makosa mawili matatu, na ni barua nzuri kuliko yoyote niliyowahi kusoma. Hayo makosa usiyaguse. Ndiyo yanayoonyesha kwamba kuna mwalimu.

Sasa ujanja ninaojivunia. Nafasi ya kueleza shughuli ni herufi 150 tu, pamoja na nafasi kati ya maneno. Binti alisema hana shughuli. "Nilikuwa nakata majani tu, Mjomba." Nikamwambia alete daftari. Kwao wana ng'ombe wawili, na tangu kidato cha kwanza, shule ya kata, yeye ndiye alikuwa anaandika maziwa na pumba. Tukakaa chini ya mgomba na rula. Toleo la Kiswahili kabla hajalitafsiri lilikuwa hili: "Nakata majani na kukamua ng'ombe wawili kabla ya shule, nauza lita 6 kwa majirani, naandika maziwa na pumba kwenye daftari kila siku." Herufi 134. Saa 14 kwa wiki, wiki 50, kwa miaka minne ya kutwa. Kidato cha tano na sita hakuwepo, kwa hiyo tukaweka mstari wa pili: likizo za Juni na Desemba, wiki 10 basi. Ule mstari wa wiki 10 ndio unaomfanya msomaji auamini wa wiki 50.

JKT nayo iliingia. Mshauri alikuwa ameiacha, eti Wazungu wataogopa jeshi. Miezi mitatu ya kuamka saa kumi alfajiri na jembe begani, uache? Jumla tulijaza nafasi tano. Tano zikabaki tupu, na dada yangu hakulala vizuri siku hiyo.

Insha nilishindwa mara ya kwanza. Nilimwambia "andika ukweli", akaniletea ukweli ulionyooka kama risala ya mgeni rasmi. Nikabadilisha: anirekodie sauti kwa WhatsApp, Kiswahili, kama anamsimulia rafiki yake wa bwenini. Dakika kumi na moja, nusu yake kicheko. Alisimulia jinsi daftari lilivyomwonyesha kwamba ng'ombe mmoja anakula pumba za hela nyingi kuliko maziwa anayotoa, akampelekea baba hesabu, baba akaisoma yote, akairudisha, akasema ng'ombe huyo alitolewa na bibi. Hauzwi. Akakaa na hesabu sahihi isiyo na kazi. Hapo ndipo insha ilipo. Akaisikiliza mwenyewe, akaiandika Kiingereza mwenyewe, rasimu tisa, mwisho ni maneno 650. Mimi nilikuwa na penseli na alama ya kuuliza tu, kibodi sikugusa. Mwisho wa fomu unathibitisha kwamba kila kitu ni kazi yako na ni kweli, na ikibainika vinginevyo wanaweza kukufuta hata ukiwa umeshaingia darasani.

CSS Profile, fomu ya kueleza kipato cha familia unapoomba msaada wa fedha, msiiogope. Chagua shilingi, usigeuze dola kichwani. Tuliweka risiti za kahawa za chama cha msingi, makadirio ya maziwa kutoka kwenye lile daftari, na barua ya nusu ukurasa kueleza kwamba kahawa inalipwa kwa msimu, si kwa mwezi. Mshauri alishauri baba "afe" pia. Familia hii ingeisha.

Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo, wa mtandaoni, alifanyia kwangu kwa sababu nina betri ya akiba. Ni kama saa moja, kamera inakuangalia, mtu haruhusiwi kuingia chumbani. Dakika ya arobaini mwanangu akafungua mlango kuuliza rimoti iko wapi. Mtihani ukakataliwa, hela ikaliwa, tukarudia Jumamosi na mimi nimekaa mlangoni kwenye kigoda kama mlinzi. SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, mwaka ule tuliiruka, vyuo alivyoomba vilikuwa havilazimishi. Siku hizi angalia upya: MIT waliirudisha 2022, na 2024 wakafuata Dartmouth, Harvard na Brown. Ukiifanya, programu ya Bluebook, ambayo ndiyo unafanyia mtihani, iweke kwenye laptop siku kadhaa kabla. Intaneti ikikatika katikati unaendelea, ila chaji ikiisha ni shauri lako.

Ada za maombi tuliomba msamaha kwa barua ya mkuu wa shule. Vyuo vinane, sita vikakubali, viwili nikalipa, kama laki nne hivi jumla.

Machi vikamkataa vyuo vinne, mfululizo, wiki moja. Dada hakuniambia kitu, alinipikia tu mtori bila kuongea. Cha tano, cha Massachusetts, kikamchukua na kulipia yote hadi tiketi.

Wiki mbili baadaye mshauri akatuma ujumbe. Laki nane hakuitaja. Alikuwa anaandaa bango jipya la ofisini, anaomba picha ya binti, maana "ni mmoja wa wanafunzi wetu".

Nikamjibu: "Kaka, picha nitatuma. Ila kwenye bango usisahau kuandika: mtoto wa kiume wa kwanza."