Bunju Mrefu wa Mjimwema na Namna Tulivyomtambua

Kwa watu wengi wa pwani yetu, bunju ni samaki mfupi, mnene, mwenye kichwa kikubwa, ambaye watoto humkuta amevimba ufukweni maji yanapokupwa. Kwa sababu hiyo sishangai kwamba vijana tuliokuwa nao kwenye boti, mbele ya Mjimwema, kaskazi ilipokuwa ikielekea ukingoni, hawakumtambua samaki aliyepandishwa alasiri ile. Alikuwa mrefu na mwembamba, mkia wake umepinda kama mundu, na ubavuni alikuwa na mstari mpana wa rangi ya fedha uliotoka mdomoni hadi mkiani. Kijana mmoja alisema ni aina ya mzia. Mwingine hakujali jina. Aliona nyama nyeupe, akaanza kukisia bei yake kwenye soko la samaki la Feri.

Nahodha wetu, mtu mzima aliyekulia Kigamboni, alikuwa na shaka tangu mwanzo, kwa sababu mishipi ilikuwa ikikatika juu kidogo ya ndoana na ncha zake zilirudi zimekatwa sawasawa, bila kuchanika, hata akalazimika kufungia ndoana kwa waya. Nilipoinama kumchomoa ndoana samaki yule, alinizuia mkono. "Kaka, usimtie kidole mdomoni. Kwanza tumtazame."

Tukamtazama, na namna ya kutazama ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa kirefu, kwa kuwa naamini samaki asiyejulikana hutambuliwa vizuri akianzwa na umbo la mwili, wala si rangi. Rangi hubadilika mara samaki anapokufa, na hufifia zaidi akikaa juani au kwenye barafu, lakini meno, mapezi na ngozi havibadiliki. Nahodha alimfungua mdomo kwa kipande cha ubao. Ndani hapakuwa na safu ya meno makali kama ya mzia, bali mabamba manne ya mfupa, mawili juu na mawili chini, yaliyokutana katikati kwa ufa mwembamba ulioonekana wazi. Ufa huo una maana kubwa. Pono naye ana mdomo mgumu unaofanana na wa kasuku, ila ana magamba makubwa mwili mzima. Kikande ana nguvu ya kuvunja kombe, lakini meno yake yametengana, na mgongoni ana mwiba mnene unaosimama na kujifunga. Wale samaki wa miiba mirefu mwili mzima, ambao nao huvimba, wana bamba moja juu na moja chini, bila ufa wa katikati. Mabamba manne ni alama ya familia ya bunju, ambayo wanasayansi huiita Tetraodontidae.

Baada ya meno tukaangalia mapezi. Hakuwa na mapezi ya tumboni kabisa, na pezi la mgongoni lilikuwa moja tu, fupi, limerudi nyuma sana karibu na mkia, likielekeana na pezi la chini. Mashavu hayakuwa na kifuniko kikubwa kinachofunguka kama cha changu au kolekole. Palikuwa na tundu jembamba tu mbele ya pezi la ubavuni. Magamba hayakuwepo. Nilipopitisha kiganja tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani, nilihisi vijiba vidogo vikinikwaruza, ingawa kwa macho ngozi ilionekana laini. Tukiwa katika hali hiyo, samaki mwenyewe alimaliza ubishi: alianza kugugumia hewa, na tumbo lake likavimba mbele yetu hadi ngozi ikakaza.

Kujua familia bado si kujua aina. Mgongo wake ulikuwa wa kijani kilichochanganyika na hudhurungi, umejaa madoa madogo meusi yanayolingana kwa ukubwa, na mbele ya jicho palikuwa na bato la rangi ya fedha. Sifa hizo, pamoja na mkia wa mundu na mstari wa ubavuni, ni za Lagocephalus sceleratus, bunju anayeweza kuzidi mita moja kwa urefu. Wapo ndugu zake wa karibu katika Bahari ya Hindi wenye ubavu wa fedha vilevile, lakini hawana madoa yaliyopangika kwa namna hiyo.

Utambuzi huu si jambo la kujifurahisha tu. Bunju huyu hubeba tetrodotoksini, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa juani. Hukolea zaidi katika ini, mayai, utumbo na ngozi, na katika aina hii nyama nayo si salama. Sumu hiyo huziba njia za sodiamu kwenye neva, hivyo taarifa za mwili hazipiti: midomo na ulimi hufa ganzi, kisha mikono na miguu huishiwa nguvu, na mwishowe misuli ya kupumulia husimama, pengine mgonjwa akiwa bado na fahamu zake. Dawa ya kuiondoa haipo. Kinachookoa maisha ni kufikishwa hospitali mapema na kusaidiwa kupumua hadi sumu iishe mwilini, kwa hiyo anayehisi ganzi mdomoni baada ya kula samaki asisubiri kuona kama itapungua.

Mfano ninaoupenda kuutaja ni wa mwaka 1774, meli ya nahodha James Cook ilipofika New Caledonia na kununua samaki wa jamii hii kwa mwenyeji. Kazi ya kumchora na kuandika sifa zake ilichukua muda mrefu, jioni ikaingia, kwa hiyo yakapikwa ini na mayai tu. Cook na wataalamu wawili wa viumbe waliokuwa naye walionja kidogo, na usiku ule viungo vyao vikaishiwa nguvu na hisia. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa. Siku hizi bunju huyu wa madoa amevuka Mfereji wa Suez na kuenea Bahari ya Mediterania, ambako alionekana kwa mara ya kwanza pwani ya Uturuki mwaka 2003, na wavuvi wa huko wanamlalamikia kwa kukata mishipi na kutoboa nyavu, kama alivyotufanyia sisi.

Samaki wetu hatukumpasua. Tulimfunga kwenye mfuko peke yake na kumlaza kwenye barafu, mbali na kitoweo, kisha nikampeleka kwa mtafiti ninayemfahamu Kunduchi, ambaye alimthibitisha kwa kutazama madoa na vijiba. Samaki mzima humfaa mtaalamu kuliko vipande na maelezo. Silikanti wa kwanza wa Tanzania, yaani samaki wa kale aliyewahi kudhaniwa ametoweka duniani, aliyevuliwa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, alifungua mlango wa utafiti, wengine wakafuata katika majarife, yaani nyavu kubwa za papa, ya Tanga, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao.

Asiyeweza kumfikisha kwa mtaalamu ampige picha ubavuni, mgongoni, tumboni na mdomo ukiwa wazi, pembeni akiweka kitu chenye urefu unaojulikana. Kisha bunju akiwa bado hai arudishwe majini, na akiwa amekufa azikwe shimo refu juu ya usawa wa maji makuu, kwa sababu akiachwa mchangani ataokotwa na paka, mbwa, au mtu mwenye njaa asiyemjua.