Siku Yangu Chini ya Mwembe: Vichaka Vinamwagiliwa na Bado Vinakauka

Saa 1:15 asubuhi
Nimefika na sepetu, uma wa bustani, mkasi wa kupogolea na kisu kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, haya maua yananiliza."

Anasema anamwagilia kila jioni, na swali lake la kwanza ni dawa ya kupulizia. Hilo huulizwa na karibu kila anayeniita kwa shida hii, na kila mara naomba tuiweke dawa pembeni kwanza.

Narudi nyuma mpaka getini nione bustani nzima. Haibiskasi zilizo karibu na shina la mwembe zimebaki vijiti. Za katikati zina majani madogo ya njano. Zilizo nje ya kivuli zinachanua vizuri tu, na krotoni nazo zimedhoofika kwa mpangilio uleule. Wadudu na magonjwa mengi huchagua aina ya mmea. Hapa kinachoamua ni umbali kutoka kwenye mti, kwa hiyo naanza kufikiria maji, mwanga na mizizi.

Saa 2
Nakwaruza magome kwa kisu, kuanzia nchani kushuka chini. Penye kijani kibichi tawi li hai, penye kahawia kavu limekwisha. Haibiskasi nyingi bado zina kijani karibu na ardhi, hizo zitapona. Chache ni kavu mpaka chini, hizo zinaondoka.

Saa 3
Kazi ya kuchimba, ambayo kwangu ndiyo uchunguzi wenyewe. Udongo wa juu umelowa, mweusi, unapendeza macho. Nazamisha sepetu, na sentimita chache tu chini yake natoa udongo wa kijivu unaomwagika vidoleni kama unga. Namwita mama aushike.

"Na maji yote ninayomwaga?"

Namwonyesha nyuzi za mizizi ya mwembe zilizofumana ndani ya shimo. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti inayonyonya maji hukaa kwenye sentimita 30 hadi 60 za juu, na huenea kupita ncha za matawi. Kichaka kinagombea tonge moja na jitu. Mvua nyepesi nayo huishia juu ya majani ya mwembe na kukaukia hukohuko, na maji ya jioni ya dakika chache hayafiki chini.

Saa 5
Kichaka cha kona kinanisimamisha. Kimenyauka, lakini udongo wake umelowa chapachapa. Mmea ukinyauka kwenye maji, shuku mizizi. Majani yaliyofagiliwa yamerundikwa hadi shinani, gome limelainika na linanuka. Navuta mzizi mmoja, ganda linabaki mkononi na uzi wa ndani unabaki ardhini. Umeoza. Nabandua gome nitafute utando mweupe wenye harufu ya uyoga, dalili ya kuvu wa Armillaria, maana huyo angeweza kuuandama hata mwembe. Hakuna. Nakiondoa pamoja na udongo wa mizizi yake, hakiendi kwenye mboji, na sepetu naifuta kwa spiriti.

Saa 7 mchana
Nakula haraka. Mama anapendekeza tukate mizizi ya mwembe, au tumwage udongo mpya juu yake. Yote mawili nakataa kwa heshima. Mizizi minene ndiyo inayoushikilia mti, na udongo mwingi juu yake huinyima hewa. Mti unaweza kuanza kufa taratibu, na wakati huo hakuna atakayekumbuka sababu. Kichaka hupandwa upya, mwembe wa umri huu haurudi.

Saa 8
Nakata vilivyokauka, nalegeza udongo kwa uma penye nafasi kati ya mizizi, kisha mboji kidogo na matandazo ya sentimita 5 hadi 8, mbali na mashina. Napunguza vitawi vichache vya chini ili mwanga uingie. Matawi makubwa ya juu ni ya fundi wa miti mwenye kamba zake. Karibu kabisa na shina haibiskasi hairudi, inataka jua. Pale naweka miche midogo ya sansevieria na klorofitamu, inayovumilia kivuli kikavu, na ambayo shimo lake halihitaji kukata mzizi wowote.

Saa 10 jioni
Mpira wa maji umekuwa ukitiririka polepole, nikiuhamisha. Nachomeka kijiti, kinazama sentimita 20 bila kugoma. Tunakubaliana na mama: maji mengi kwa siku chache za wiki badala ya kidogo kila jioni, na kabla ya kumwaga achomeke kijiti. Mbolea isubiri majani mapya. Machipukizi yasipoonekana baada ya wiki kadhaa, anipigie, tukwaruze magome tena.