Siku MX-5 ilipopimwa moshi

Mpwa wangu kanitumia voisi juzi kutoka Dar, anataka kubadilisha kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya Altezza yake, na katikati ya maelezo mengi akauliza, "Mjomba, huko Uingereza ulipitaje na ile ya kwako, si wanapima moshi kila mwaka?" Nilikuwa jikoni, nikaacha vyombo nikakaa.

Ni ile Mazda MX-5 ya 1996, mnaijua. Nilishaifunga turbo na kontroli boksi ya kiwandani haikuwa na habari na turbo, kwa hiyo nikaweka Megasquirt, ile waliyoianzisha Bruce Bowling na Al Grippo mwaka 2001 kwa ajili ya watu wanaopenda kuunga vitu wenyewe kwa solda. Ukishaweka hiyo, petroli yote inayoingia kwenye injini umeipanga wewe kwenye laptopu, jedwali zima la namba, upande mmoja mzunguko wa injini, upande mwingine presha ya hewa, na kila kibox kina namba yake na kila namba inakungoja wewe.

Kwenye MOT, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka huku Uingereza, mashine ya moshi haijui umefunga boksi gani. Wanaingiza bomba kwenye ekzosi, wanashikilia mafuta injini izunguke kati ya 2500 na 3000 kwa dakika, na kwa gari ya umri ule CO (kaboni monoksaidi) isizidi asilimia 0.2, HC (petroli isiyoungua) isizidi sehemu 200 kwa milioni, na lambda, yaani uwiano wa hewa na petroli, ikae kati ya 0.97 na 1.03. Lambda 1 ni pale hewa inatosha kabisa kuunguza petroli yote bila kimoja kubaki, kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Nafasi ni nyembamba sana, na masega yenyewe (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, catalytic converter) hayasafishi vizuri mpaka uwe humo humo.

Mara ya kwanza ikafeli. CO safi, HC safi, lambda 1.07, yaani hewa imezidi.

Kuna kaka mmoja wa Tanga tunasaidiana mambo ya magari, akaniambia, "Kaka, ongeza petroli pale kwenye 2500 mpaka 3000, lambda itashuka tu. Mimi nina ramani mbili, yaani majedwali mawili ya petroli, ya MOT na ya barabarani, nikitoka pale narudisha yangu." Wengi wanafanya hivyo, na inafanya kazi. Lakini mimi kuna kitu kilinigomea, kwa sababu sensa yangu mwenyewe ya oksijeni, ile iliyo chini ya turbo, ilikuwa inaonyesha 14.7 muda wote wa kipimo, nimerekodi kwenye laptopu. Sasa kama mimi naona 14.7 na mashine yao inaona 1.07, basi katikati ya sensa yangu na bomba lao kuna hewa inaingia.

Tukaipandisha gari juu ya stendi nje kwangu, tukaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholoweshwa, injini inazunguka lakini bado ya baridi, nikalala chini na chupa ya maji ya sabuni. Nikanyunyiza jointi moja baada ya nyingine. Kwenye flanji ya mbele ya masega povu likaanza kuchemka upande wa juu, mahali ambapo jicho halifiki, vipovu vidogo vidogo vinapasuka kufuata mapigo ya injini, tss, tss, tss. Gasketi ilishaungua kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Na ndivyo inavyokuwa, moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo presha inashuka, hewa ya nje inavutwa kupitia kitundu kile, mashine inahesabu oksijeni ambayo injini haikuitoa. Ningeongeza petroli ningekuwa naficha tundu kwa uchafu. Nilifurahi pale chini kwenye simenti ya baridi kuliko nilivyofurahi siku nyingine yoyote na ile gari.

Gasketi mpya, tukarudi. Foleni ilikuwepo nikakataa kuzima injini kwa sababu masega yakipoa yanalala. Fundi akashikilia mafuta, lambda ikaanzia 1.02 ikatulia 1.01, CO 0.08, HC ikashuka taratibu mpaka chini ya 40. Akaprinti, akanipa karatasi, akaita gari inayofuata.

Mpwa nimemjibu kila kitu hicho. Ila kuna sehemu moja sijui nimwambieje. Mimi na kaka wa Tanga mpaka leo hatujakubaliana, yeye anasema karatasi yake na yangu ni sawasawa, na mimi nasema ramani iliyopita mtihani ndiyo ninayoendeshea kwenda kazini, na hilo ni kweli. Lakini kweli pia ni kwamba kipimo kile kinafanyika gari imesimama, haina mzigo, na kule juu turbo inapojaza hewa nimeweka petroli nyingi makusudi, karibu kilo 11.5 tu za hewa kwa kilo 1 ya petroli, maana ukiibana kule pistoni zinayeyuka. Nikipita gari nyingine pale barabara kuu ya M1 natoa moshi ambao hakuna mashine ya MOT iliyowahi kuupima, na kaka kila tukibishana anaanzia hapo hapo.