Kabla Hujairudisha Swichi Dukani, Pima Kwanza Kebo

Katika kazi ya kufunga mitandao ya ofisi na nyumba hapa Dar es Salaam, malalamiko ninayoyapokea mara nyingi kuhusu vifaa vipya ni kwamba swichi (kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na vifaa vingine kwa kebo) au ruta iliyonunuliwa juzi haishiki mtandao, au inashika na kuachia, au inashika kwa kasi ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye boksi. Mteja huwa na hakika kwamba kebo haina kosa, kwa sababu kifaa cha zamani kilikuwa kikifanya kazi kwenye kebo ileile bila tatizo lolote. Hoja hiyo ndiyo inayowapeleka watu Kariakoo na boksi mkononi kudai dhamana, na kwa maoni yangu ndiyo hoja dhaifu kuliko zote wanazoweza kwenda nayo.

Kifaa cha zamani mara nyingi ni cha megabiti 100 kwa sekunde. Kasi hiyo hutumia nyaya nne tu kati ya nane zilizomo ndani ya kebo, yaani zile zinazokaa nafasi ya 1, 2, 3 na 6 kwenye konekta, kile kichwa cha plastiki kilicho mwishoni mwa kebo. Nne zilizobaki zinaweza kuwa zimekatika, zimelegea, au hazikuunganishwa kabisa na aliyefunga, na miaka ikapita bila mtu kugundua. Kifaa cha gigabiti 1, yaani megabiti 1,000, kwa kiwango ambacho IEEE, chama cha wahandisi kinachoweka viwango vya mitandao, ilikipitisha mwaka 1999, kinazihitaji zote nane. Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba vifaa viwili vinapounganishwa huanza kwa kupatana kasi kupitia zile nyaya chache zilizo nzima, vikaarifiana kwamba vyote vinaiweza gigabiti, kisha vikajaribu kuifikia na kushindwa. Baadhi ya vifaa vimepewa uwezo wa kushuka vyenyewe hadi megabiti 100 baada ya kushindwa. Vingine havina uwezo huo, na vitaendelea kujaribu bila kukoma huku taa ya poti, lile tundu la kuchomekea kebo, ikiwaka na kuzimika. Kwa hiyo swichi mpya inaweza kuonekana mbovu mahali ambapo ya zamani ilionekana nzima, na kebo ikawa ndiyo yenye kosa siku zote.

Ukiipeleka swichi hiyo kwa wakala, fundi wake ataichomeka mezani kwa kebo fupi iliyotoka kiwandani, taa zitawaka, kasi itasomeka gigabiti 1, nawe utarudishiwa mzigo wako pamoja na maelezo kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana. Kama masharti ya dhamana yana ada ya uchunguzi, utailipa. Simlaumu fundi huyo, kwa maana hana ukuta wako, dari lako, wala zile mita themanini zinazopita juu ya feni. Njia ya busara ni kulifanya jaribio lake wewe mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani: chomoa kila kitu, chukua kebo fupi ya kiwandani ambayo umekwisha kuithibitisha kwenye vifaa vingine, iunganishe swichi na kompyuta moja yenye poti ya gigabiti, kisha soma kasi. Kwenye Windows, kasi hiyo inaonekana katika sehemu ya mipangilio ya mtandao, na kwenye Linux amri ya ethtool huitaja waziwazi. Hitilafu ikitoweka kwenye kebo fupi, swichi si mgonjwa. Ikibaki, badilisha poti ukiiacha kebo ileile, halafu badilisha kompyuta ukiiacha poti ileile, jambo moja kwa wakati, kwa sababu anayebadilisha mambo mawili pamoja hawezi kujua ni lipi lililoponya.

Ipo dalili moja ambayo hata asiye fundi anaweza kuitambua. Kama kifurushi chako cha intaneti kinazidi megabiti 100 na kila unapopima kasi kwa waya namba inagota kwenye 94 au karibu yake, basi kuna kiungo kimoja njiani kilichoshuka hadi megabiti 100, na mara nyingi kiungo hicho ni kebo yenye waya mmoja au nyaya mbili zisizogusa vizuri. Ruta mbovu haina tabia ya kugota mahali pamoja kwa unadhifu namna hiyo.

Baada ya hapo, isome kebo yenyewe. Maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake hutaja daraja, kama Cat5e au Cat6, na hapa watu hupoteza fedha kwa kununua daraja la juu wakidhani ni dawa. Cat5e iliyofungwa vizuri inatosha kabisa kwa gigabiti 1 hadi mita 100, na kiwango cha mwaka 2016 kinairuhusu hata gigabiti 2.5 kwenye umbali huohuo. Cat6 inakuwa na maana kubwa zaidi unapofikiria gigabiti 10, nako mwisho wake ni kama mita 55, baada ya hapo unahitaji Cat6A. Kebo bapa nyembamba zinazouzwa kwa jina la Cat7 au Cat8 siziamini kwa umbali wowote wa maana, kwa kuwa nyaya zake ni nyembamba mno, na hakuna kinachomzuia mtu yeyote kulichapa jina hilo.

Jambo ambalo ningemwomba kila mnunuzi alichunguze kuliko daraja ni madini. Sokoni zimejaa kebo ambazo nyaya zake ni za alumini zilizopakwa shaba juu, na wenye uaminifu huzichapa herufi CCA kwenye ganda au kwenye boksi. Kwaruza ncha ya waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, umekwisha kupata jibu. Hata uzito hulisema jambo hilo, kwani ujazo uleule wa shaba ni mzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini, na boksi la mita 305 linaloinuliwa kwa mkono mmoja bila jasho linastahili kutiliwa shaka. Ukinzani wa nyaya hizo huzidi ule wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu, wala hazikubaliki katika viwango vya kebo za mtandao. Kwa data peke yake, kwenye umbali mfupi, unaweza usione tofauti. Tatizo hujitokeza pale kebo inapobeba pia umeme wa kuendesha kifaa, ule ambao mafundi huuita PoE.

Mfano ninaoukuta zaidi ni wa kamera za ulinzi. Kamera inafanya kazi mchana kutwa, na giza likiingia inajizima na kujiwasha upya hadi alfajiri, mwenye nyumba akaamini kwamba ameuziwa kamera mbovu. Usiku kamera huwasha taa zake za infraredi na kuhitaji umeme zaidi. Mkondo ukiongezeka, volti zinazopotea njiani nazo huongezeka, na kwenye mita sabini za alumini zinazobaki hazitoshi. Ishushe kamera hiyo, iunganishe kwa kebo fupi ya shaba, iache usiku mzima kwenye giza. Ikikesha bila kuzimika, usiidai dhamana. Ukiwa hapo hapo angalia pia kama swichi na kifaa vinakubaliana juu ya aina ya umeme. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwa poti, 802.3at cha mwaka 2009 hutoa wati 30, na kuna vifaa vya redio vinavyotaka volti 24 zinazotumwa moja kwa moja bila mapatano yoyote. Kifaa cha namna hiyo ukikichomeka kwenye swichi ya kiwango, swichi haitakipa umeme kabisa, na vyote viwili vitakuwa vizima.

Konekta nazo zina hila zake. Kile kipimio cha bei nafuu chenye taa nane huthibitisha tu kwamba waya wa 1 umefika kwa 1 na wa 8 kwa 8. Fundi aliyepanga rangi kwa jozi (nyaya mbilimbili zilizosokotwa pamoja) zinazofuatana, bila kujua kwamba nafasi ya 3 na ya 6 lazima ziwe za jozi moja, atazipata taa zote nane zikiwaka kwa mpangilio, na mtandao utayumba kadiri kebo inavyorefuka. Fungua konekta uangalie kwa macho. Kwa mpangilio wa B (T568B), mmoja wa mipangilio miwili ya rangi inayotumika, rangi huenda hivi: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Tazama pia kama konekta ni ya daraja la kebo husika, kwa sababu nyaya nene za Cat6 zikilazimishwa ndani ya konekta ya Cat5e hazifiki mwisho, na meno ya shaba hugusa ganda badala ya madini.

Kifaa kikishindwa hata kwenye kebo fupi ya shaba, kwenye kompyuta zaidi ya moja, hapo dai lako lina nguvu. Mpelekee muuzaji maelezo ya maandishi: poti ipi inashindwa, kasi iliyosomeka, aina na urefu wa kebo uliyojaribia, namba ya kifaa na toleo la programu iliyomo ndani yake. Ambatanisha risiti ya EFD, ambayo ni vema uipige picha siku ileile unayonunua, maana karatasi yake hufifia kwa joto. Na kama waliouza wamekubali kukijaribu mbele yako, nenda na ile kebo yako fupi, uombe waanze na hiyo.