Nilivyotengeneza sinema ya kadibodi

Nilitaka wapwa zangu waone picha ikitembea bila umeme wala bando. Nikachagua fenakistiskopu, yaani duara lenye michoro na mipasuo linalozungushwa mbele ya kioo, maana vyote inavyohitaji vilikuwepo nyumbani: boksi, pini, kijiti na kioo cha kabati. Joseph Plateau wa Ubelgiji aliibuni mwishoni mwa 1832, na karibu wakati huohuo Simon Stampfer kule Vienna akaibuka na kifaa kilekile, kila mmoja kivyake. Plateau huyohuyo alipofuka kabisa mwaka 1843, na bado akaendelea na utafiti kwa kusaidiwa na watu wa karibu.

Nilikata duara la ukubwa wa sahani, nikaligawa kwa bikari sehemu 12, nyuzi 30 kila moja. Ukingoni mwa kila sehemu nikachana mpasuo kwa wembe, upana milimita 3 hivi, urefu sentimita 2. Kazi yote iko hapo. Mpasuo ukiwa mpana, picha inafifia kama ukungu. Ukiwa mwembamba mno, unaona giza tu. Kuchora ni rahisi. Mimi nilichora mwanamke anayetwanga: picha ya 1 mchi uko juu, ya 7 umezama kinuni, kisha unapanda tena hadi ya 12 ikutane na ya 1.

Upande wa nyuma nikaupaka dawa ya viatu, uwe mweusi usiumize macho kwa mwanga (vidole vilinuka hadi usiku). Kisha nikachoma pini katikati, nikaishikiza kwenye kijiti. Unasimama mbele ya kioo, picha zikielekea kioo, unazungusha huku ukichungulia kwenye mipasuo kwa nyuma.

"Mjomba, anatwanga kweli!"

Mdogo wao akachungulia kwa juu ya duara. "Mbona huku hatwangi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kwa juu jicho linaona picha zikipita mfululizo, zinachanganyikana. Kwenye mpasuo unaona picha moja kwa kufumba na kufumbua, kisha kadibodi inakuziba macho wakati picha inahama. Ukizungusha mzunguko mmoja kwa sekunde, umeona picha 12, na ubongo unaziunga. Mashine za sinema zilipokuja, kama ile ya ndugu Lumière walioonyesha filamu Paris tarehe 28 Desemba 1895, nazo zilifanya hivyohivyo: mwanga unazibwa wakati filamu inavutwa.

Duara la pili nikaweka michoro 11, mipasuo ikabaki 12. Hapo kila mpasuo ukifika jichoni, picha inayofuata haijafika pale ilipokuwa iliyotangulia, basi watwangaji wote wanarudi nyuma kidogokidogo huku wanatwanga. Hili wapwa walilipenda kuliko la kwanza.

Shida ni kwamba anatazama mmoja tu, na ugomvi wa kioo ukaanza. William George Horner wa Uingereza aliutatua mwaka 1834 kwa pipa lenye mipasuo ubavuni, picha zikiwa ndani, kioo hakihitajiki na watu wanatazama kwa kulizunguka. La kwangu ni kadibodi iliyoviringishwa, michoro iko kwenye ukanda wa karatasi unaobadilishwa. Nimelibandika kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka. Mmoja anasukuma, wengine wanapiga magoti na kuchungulia.